Bili ya umeme imepanda kutoka uniti 209 hadi 431 bila kifaa kipya nyumbani: nianze kuchunguza wapi?

#1 Kalamu Nyeupe
Habari zenu wanajamvi. Nyumba yetu ina watu wanne, na kwa muda mrefu matumizi yetu ya umeme hayajawahi kuzidi sana uniti 220 kwa mwezi. Bili tatu zilizopita zilikuwa uniti 218, 226 na 209, lakini hii iliyoingia juzi inasema 431. Hatujanunua kifaa chochote, hatujapokea mgeni, na ratiba ya nyumba haijabadilika. Tuna friji, hita ya maji ya tangi, mashine ya kufulia, pasi, televisheni na taa za LED nyumba nzima. Sina nia ya kumlaumu mtu kabla sijajua kilichotokea, ila nataka kuelewa umeme huu umekwenda wapi, kwa sababu mwezi ujao hatutaweza kuubeba mzigo kama huu. Naomba mnieleze nianze wapi.

#2 Mtaratibu
Pole ndugu. Kabla hujagusa swichi yoyote, isome bili yenyewe kwa makini. Mambo matatu yanahitajika hapa: tarehe ya kuanza na ya kuishia, kama namba ya mita ilisomwa au ilikadiriwa, na namba ya mwisho iliyoandikwa. Kisha nenda kwenye mita leo, andika namba unayoiona na uilinganishe na ile ya kwenye bili. Kama namba ya leo ni ndogo kuliko ya bili, basi mita ilisomwa vibaya na mjadala umekwisha.

#3 Nyota ya Jioni
Mimi nitaanza na chaja. Watu wengi huacha chaja za simu na za kompyuta ukutani usiku na mchana, na nimesoma mara nyingi kwamba huo ndio wizi wa kimyakimya wa nyumba za siku hizi. Chomoa zote kwa wiki moja uone.

#4 Mpima Ukweli
Ndugu Nyota, hesabu haikubali. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Betri ya simu ya kawaida hubeba takriban wati-saa 15, kwa hiyo hata ukiijaza kila siku kwa siku 30, pamoja na kinachopotea njiani, hufikii uniti moja. Chaja iliyoachwa bila simu hula kidogo zaidi ya hapo. Kuchomoa ni tabia njema kwa usalama, ila mleta mada anatafuta uniti zaidi ya 200. Kiasi cha namna hiyo kitafutwe kwenye vifaa vinavyotoa joto, vinavyosukuma maji au vinavyopoza, maana huko ndiko wati zinakohesabiwa kwa mamia na maelfu.

Tofauti nyingine ambayo mara nyingi husahaulika ni ile kati ya kifaa kikubwa kinachowaka kwa muda mfupi na kifaa kidogo kisicholala. Birika la wati 2,000 linalochemsha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hutumia takriban sehemu moja ya kumi ya uniti tu. Lakini kitu cha wati 100 kisichozimwa kamwe hula uniti 72 kwa mwezi, na hakuna atakayekisikia kikipiga kelele.

#5 Dada Mkubwa
Mimi naitazama hita. Kwangu ilitokea bili ikapanda vivi hivi, tukashuku friji, tukashuku televisheni, hadi siku moja nilipokanyaga sakafu ya chooni bila viatu nikahisi ni ya uvuguvugu. Bomba la maji ya moto lilikuwa limepasuka chini ya vigae. Maji hayakuwa yakionekana popote kwa sababu yalinywewa na udongo, na hita ilikuwa ikipasha maji mapya usiku kucha ili kufidia yaliyotoka. Ndugu Mpima atanisaidia hesabu, lakini nakumbuka fundi alisema ni uvujaji mdogo tu.

#6 Mpima Ukweli
Asante Dada. Chukua uvujaji wa lita 4 kwa saa, ambao ni mdogo kiasi cha kutoonekana. Kwa siku ni lita 96. Kupandisha maji hayo nyuzijoto 40 kunahitaji takriban uniti 4.5, yaani zaidi ya 130 kwa mwezi. Hoja yako ni nzito sana.

#7 Fundi Mstaafu
Nimefanya kazi ya kufunga nyaya za majumbani kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni kwamba mita ihojiwe kabla ya vifaa. Mita nyingi za sasa zina taa ndogo nyekundu inayomemeta, na karibu nayo pameandikwa idadi ya mimemeto kwa kila kilowati-saa, kwa mfano 1000 au 3200. Hesabu sekunde kati ya mmemeto mmoja na unaofuata. Gawanya 3,600,000 kwa idadi iliyoandikwa, kisha gawanya jibu hilo kwa sekunde ulizopata: hizo ndizo wati zinazotumika kwa wakati huo. Kama mita yako ni ya kisahani, hesabu mizunguko kwa njia hiyo hiyo ukitumia idadi ya mizunguko iliyoandikwa.

Fanya hivi usiku, watu wakiwa wamelala. Kwanza zima swichi kuu na usubiri dakika kumi. Mita ikiendelea kumemeta, kuna waya uliounganishwa kabla ya swichi yako kuu au mita yenyewe ina hitilafu. Ikinyamaza, washa swichi kuu lakini chomoa kila kitu kwenye soketi, ukianza na friji, na uzime hita kwenye bodi. Kinachobaki kikimemeta ndicho unachokitafuta. Kisha zima saketi breka, zile swichi ndogo za kwenye bodi, moja moja hadi mita inyamaze.

Na friji usiisahau. Bana karatasi kati ya mlango na fremu, kisha ivute; ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka na kompresa haipumziki. Kompresa ya wati 150 inayofanya kazi theluthi moja ya muda hula uniti 1.2 kwa siku. Ile isiyopumzika hula 3.6.

#8 Kalamu Nyeupe
Nawashukuru sana. Nimeanza na maswali ya Mtaratibu, na nimejifunza jambo ambalo sikuwahi kuliangalia. Bili ya uniti 218 ilikuwa ya siku 30 na mita ilisomwa. Bili ya 226, ya siku 31, na ile ya 209, ya siku 34, zote zimewekewa alama ya makadirio. Hii ya 431, ya siku 30, imesomwa kweli. Namba ya leo inaizidi ile ya kwenye bili kwa uniti 84, na zimepita siku tisa tangu isomwe. Karatasi ya friji imeshikwa vizuri kila upande. Vipimo vya usiku nitavifanya kesho.

#9 Mtaratibu
Hapo sasa tunaongea kwa namba. Ukijumlisha 226, 209 na 431 unapata 866, na siku ni 95, kwa hiyo matumizi yako halisi katika kipindi hicho chote ni kama uniti 9.1 kwa siku. Siku zako tisa za mwisho zinatoa 9.3, ambayo inakaribiana mno na hiyo. Hii ina maana kwamba mita haikusomwa vibaya, na kwamba hakuna mwezi mmoja uliolipuka: deni la bili mbili zilizokadiriwa chini limekusanywa katika bili ya tatu. Kama bei ya huko kwenu hupanda kwa ngazi kadiri uniti zinavyoongezeka, una haki ya kuomba uniti hizo zigawanywe katika vipindi vilivyohusika, kwa kuwa kuzirundika kwenye kipindi kimoja kunakusukuma kwenye ngazi ya juu ambayo huenda hukuistahili.

Kwangu mimi, fumbo limekwisha kwa sehemu kubwa.

#10 Mpima Ukweli
Kwa sehemu, nakubali. Lakini bili ya 218 ilisomwa kweli, na hiyo ni uniti 7.27 kwa siku. Kutoka hapo hadi 9.12 kuna nyongeza ya uniti 1.85 kila siku, sawa na wati 77 zisizozimwa usiku wala mchana. Makadirio yanaeleza kwa nini bili imeshtua. Hayaelezi kwa nini nyumba inakula zaidi kuliko zamani.

#11 Wimbi la Saba
Mbona hamjataja umeme hafifu? Huku kwangu volti zikishuka, vifaa huvuta ampea nyingi zaidi ili kufidia, na mita hukimbia. Naamini nyumba nyingi zinalipia udhaifu wa laini.

#12 Fundi Mstaafu
Hapana, ndugu yangu, hapo pana mchanganyiko. Ni kweli kwamba mota iliyoelemewa huvuta ampea zaidi volti zikishuka, na inaweza hata kuungua. Lakini mita huhesabu wati kwa muda, haihesabu ampea peke yake. Kifaa cha joto kama pasi kikipata volti 200 badala ya 230 hushuka hadi takriban robo tatu ya nguvu yake. Hita yenye thamostati, kile kinachokata umeme joto likitosha, itachukua muda mrefu zaidi kufikia joto lile lile, na mwisho wa siku uniti zitakaribiana. Shida halisi ni volti kuzidi, kwa kuwa vitu visivyo na thamostati, kama balbu za zamani za waya, hula zaidi na kufa mapema.

#13 Jirani wa Juu
Kwa wanaoishi kwenye majengo ya ghorofa, naomba niongeze kisa changu. Kwa karibu mwaka mzima nililipia nyumba ya mtu mwingine. Mita zetu zilikuwa zimepangwa ukutani kwenye ukumbi wa chini, na wakati wa kufungwa nyaya za mita mbili zilibadilishana. Mimi naishi peke yangu, jirani ana familia kubwa, na kila mmoja wetu alikuwa akishangaa kwa upande wake. Tuligundua siku nilipozima swichi yangu kuu na kwenda kuitazama mita iliyoandikwa namba yangu: ilikuwa ikimemeta bila wasiwasi. Kipimo cha kwanza cha Fundi, bandiko namba 7, kingetuokoa mapema sana.

#14 Kalamu Nyeupe
Nimerudi na vipimo. Mita yangu imeandikwa mimemeto 1000.

Swichi kuu ilipozimwa kwa dakika kumi, hakukuwa na mmemeto hata mmoja, kwa hiyo kisa cha Jirani wa Juu sicho changu. Nilipoiwasha tena, kila kitu kikiwa kimechomolewa na hita imezimwa kwenye bodi, mita ilimemeta kila baada ya sekunde 40. Nikazima breka moja moja. Ilinyamaza nilipozima ile iliyoandikwa "nje".

Breka hiyo inalisha taa mbili za ukutani, ambazo zilikuwa zimezimwa, soketi moja ya uani ambayo haina kitu, na taa ya langoni inayojiwasha yenyewe giza likiingia. Waya wa kwenda langoni umefukiwa ardhini.

#15 Mpima Ukweli
Sekunde 40 ni wati 90. Kwa siku nzima hizo ni uniti 2.16, kiasi kinachokaribiana na nyongeza yetu ya 1.85. Swali ni je, taa ya langoni ina balbu gani? Balbu ya zamani ya wati 60 au 100 ingetosha kuleta mkanganyiko huu, ila yenyewe huwaka usiku tu. Rudia kipimo mchana.

#16 Fundi Mstaafu
Waya uliofukiwa ardhini ndio ninaoushuku. Ganda la waya likichubuliwa na jembe au jiwe, unyevu huingia na umeme huvujia ardhini taratibu, na kwa kuwa unapita kwenye waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, mita huuhesabu kama ambavyo ingehesabu pasi. Je, mvua zimekuwa nyingi huko siku hizi? Na kwenye bodi yako kuna kifaa chenye kitufe kidogo cha kujaribia, kile kinachokata umeme unapovujia ardhini? Bonyeza kitufe hicho uone kama kinakata. Vifaa hivyo vya majumbani kwa kawaida hukata kwenye miliampea 30, ambazo kwa volti 230 ni kama wati 7 tu. Kuvuja kwa wati 90 ni karibu miliampea 390. Kifaa kizima kisingenyamazia jambo hilo hata kwa sekunde moja.

#17 Nyota ya Jioni
Baada ya kukosolewa kuhusu chaja nimekwenda kusoma, na nimerudi na jambo zito zaidi. Kuna utafiti wa Uholanzi ulioonyesha kwamba mita za kielektroniki husoma hadi karibu mara sita zaidi ya umeme uliotumika. Kalamu ana taa za LED nyumba nzima. Kwa nini tunachimba ardhi kabla ya kuichunguza mita?

#18 Mpima Ukweli
Utafiti huo upo, Nyota, na nafurahi umeuleta, ila tuuseme kama ulivyo. Ulifanywa Chuo Kikuu cha Twente na matokeo yake yalitangazwa 2017. Kati ya mita tisa zilizojaribiwa, tano zilisoma juu, moja ikifikia asilimia 582 zaidi, lakini mbili zilisoma chini kwa takriban asilimia 30. Makosa makubwa yalipatikana pale taa za LED na balbu za kuokoa umeme zilipounganishwa kupitia kidhibiti mwanga, yaani swichi ya kuongeza na kupunguza mwanga, hali inayouchanachana mkondo wa umeme kwa namna ambayo baadhi ya vihisi vya mita havikuweza kuifuata. Kalamu, je, una vidhibiti mwanga nyumbani?

#19 Kalamu Nyeupe
Tuna kimoja tu, sebuleni, na wakati wa kipimo kilikuwa kimezimwa.

Nimerudia kipimo saa sita mchana, taa ya langoni ikiwa imezimika: sekunde 46. Ile balbu nimeitoa nikakuta ni ya LED ya wati 12. Kitufe cha kujaribia kipo, nimekibonyeza mara tatu, na hakikukata chochote. Mvua zimekuwa nyingi kwa miezi miwili iliyopita.

#20 Fundi Mstaafu
Kama kitufe hakikati, kifaa hicho kimekufa, na jambo hili limetoka kwenye pesa likaingia kwenye uhai wa watu. Zima breka ya nje sasa hivi, na watoto wasicheze uani karibu na njia ya waya huo. Usichimbe mwenyewe. Mwite fundi mwenye leseni aje na megga, kile kipimo cha uzima wa ganda la waya, apime, na kifaa hicho kibadilishwe hata kama waya utakutwa mzima.

#21 Wimbi la Saba
Vipi kuhusu vile visanduku vinavyochomekwa kwenye soketi ili kupunguza bili? Nilitaka kununua kimoja.

#22 Mpima Ukweli
Usinunue, mkuu. Kwa kawaida ndani yake mna kapasita, ambayo hurekebisha aina ya mkondo ambao mita za majumbani kwa kawaida hazikutozi. Zungumzo la Kalamu lisipotee hapa.

#23 Dada Mkubwa
Naomba nirudi kwenye hita, kwa heshima zote kwa Fundi. Vipimo vyote vimefanywa hita ikiwa imezimwa, kwa hiyo havikuiona kabisa. Nyongeza ya uniti 1.85 kwa siku inaweza kuwa waya, inaweza kuwa hita inayovuja kidogo au ambayo thamostati yake imepanda, na inaweza kuwa nusu kwa nusu. Wakati wa mvua maji yanayoingia nayo huwa ya baridi zaidi na watu hukaa muda mrefu bafuni. Kuona kitu kimoja kinavuja hakumaanishi kwamba ndicho peke yake.

#24 Mtaratibu
Nami naongeza shaka moja. Kuna soketi ya uani na waya mrefu unaofika mpakani. Je, una uhakika kwamba hakuna mtu aliyejiunga nao? Simtuhumu jirani yeyote. Huenda hata aliyekaa humo kabla yako aliunganisha kitu akasahau. Wati 90 za usiku, kisha 78 za mchana (zile sekunde 46), zinaweza kuwa friji ndogo ya mtu kama zinavyoweza kuwa maji kwenye ganda la waya.

#25 Mpima Ukweli
Friji haitulii, ndugu Mtaratibu. Huwaka na kuzima, na mimemeto ingekuwa ya haraka kisha ikasimama. Ukitoa wati 12 za taa kwenye 90 unabaki na 78, ambayo ndiyo hasa iliyopatikana mchana. Mzigo huo umetulia mno. Hata hivyo, vipimo viwili ni vichache. Ningependa vitatu au vinne kwa siku moja.

#26 Kalamu Nyeupe
Samahani kwa kuchelewa. Breka ya nje niliizima siku ile ile Fundi aliposema, na hakuna jirani aliyekuja kulalamika wala nyumba iliyoonekana kuingia gizani. Jana, baada ya siku nne bila mvua, niliiwasha kwa dakika chache mchana, familia ikiwa ndani: sekunde 68, ambazo nikikokotoa napata wati 53.

#27 Fundi Mstaafu
Udongo unakauka, na uvujaji unapungua. Kwangu hiyo ni alama ya waya uliochubuka.

#28 Mtaratibu
Ni dalili nzuri, nakubali, lakini kitu kilichounganishwa uani nacho kinaweza kubadilika ndani ya siku nne. Megga ndiyo itakayosema, si sisi. Na hata waya ukikutwa na kosa, barua ya kuomba uniti zigawanywe upya iandikwe, kwa kuwa makadirio hayakufanywa na waya.

#29 Kalamu Nyeupe
Barua nimeipeleka leo asubuhi, na fundi atakuja Alhamisi. Nilitaka pia kuzima hita tangu usiku wa leo na kufunga koki ya maji ya moto, ili nione kama Dada Mkubwa yuko sahihi.

#30 Dada Mkubwa
Subiri kidogo, ndugu yangu. Breka ya nje umekwisha kuizima, basi acha zipite siku saba kamili huku hita ikitumika kama kawaida, na uandike namba ya mita kila jioni saa ile ile. Mkirudi kwenye 7.27 kwa siku, nitanyamaza. Mkibaki juu ya hapo, ndipo uifikie hita. Ukizima vyote viwili kwa pamoja, bili itashuka na hakuna atakayejua ni kipi kilichoishusha.